Hodi Sita kwa Mlango Usiojibu

Kwa miaka kumi na tisa Abdia hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake. Mimi si mkaza mwana wa mtu, kwa hiyo naweza kulitaja bila hofu: mzee aliitwa Sabdio Jilo Kassim. Abdia hakuweza. Katika ukoo wao wa Waorma, mwanamke aliyeolewa hamtaji baba wa mumewe, wala baba wa huyo baba, wala babu yake, na Abdia alikuwa mtu wa kufanya jambo kikamilifu. Sabdio mwingine, muuza simiti wa mjini kwao Garsen, kwake alikuwa "yule wa duka la bluu". Jilo, mtoto wa jirani, alimwita "wewe kijana" tangu anatambaa, na mtoto huyo amekua mpaka ameota ndevu akiamini kwamba Abdia hamjui. Mwaka mzee alipougua malaria na nesi akataka jina la mgonjwa, Abdia aliliandika kiganjani kwa kalamu na kuunyoosha mkono kama askari wa trafiki. Kuandika hakukuwa na neno. Kilichokatazwa kilikuwa kinywa.

Msidhani alikuwa akimwogopa. Mzee huyu ndiye aliyemtetea alipozaa binti wa kwanza na wengine wakanuna, na ndiye aliyesema mtoto huyo, Asmaa, asome mpaka shule ziishe zenyewe. Kulificha jina lake mdomoni ndiko kulikuwa kumwambia asante kila siku.

Sasa Asmaa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja mbali na kwao. Barua ilisema wazi kwamba mlezi aingie kwenye tovuti ya chuo na kuthibitisha nafasi hiyo kabla ya saa kumi alasiri, siku ya Ijumaa, la sivyo atachukuliwa mwingine aliye kwenye orodha ya kungoja. Asmaa mwenyewe alikuwa Bangale kwa shangazi yake aliyejifungua, na mvua ilikuwa imeikata barabara. Mahadi, baba yake, alikuwa na ng'ombe upande wa Chara, mahali ambapo simu hushika ikijisikia. Kwa hiyo, kwa heshima ya mkubwa wa nyumba, mlezi aliandikwa babu. Abdia, aliyefika kidato cha pili kabla ya kuolewa na ambaye husoma Kiingereza polepole lakini hakosei, ndiye aliyemfungulia mzee akaunti kwa simu yake, akajiandika yeye kuwa msaidizi.

Ijumaa yenyewe ikafika. Simu ya Abdia ilikuwa na kioo kilichopasuka pale pale pa kubonyeza ili kuingia kwenye tovuti, hivyo baada ya swala wakaenda kwenye saiba ya Lul, karibu na stendi. Lul alikuwa mwanamke Msomali, mnene, mwenye kicheko cha karibu, na saiba yake ilikuwa nyuma ya duka lake la mapazia, kompyuta nne na feni moja. Ndani walimkuta mkulima mmoja kutoka kijiji cha Wema, Dhadho, Mpokomo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Naye alikuja kumthibitishia mpwa wake nafasi katika chuo hicho hicho.

Abdia alimkalisha mzee mbele ya kompyuta, akaifungua tovuti na kuandika namba ya akaunti yake. "Baba," alimwambia kwa Kiorma, uso ameuelekeza pembeni kama ilivyo heshima, "hapa ndipo mlangoni. Kwanza tunaandika neno la siri, halafu unabonyeza hapa, unaingia. Ningoje kidogo nitoe kopi ya kitambulisho chako, nitakuja kukuandikia."

"Mimi ndiye mlezi," alisema mzee. "Mimi ndiye nitakayeingia."

"Ndiyo, baba."

Kopi ikachelewa, maana mashine ya Lul ilikuwa inameza karatasi. Abdia aliporudi, baada ya robo saa nzima, alikuta kioo chote cha kompyuta ni chekundu, na mzee ameikunja mikono yake juu ya bakora, amekasirika kwa utulivu.

"Hawa watu hawana adabu," alisema.

Abdia akasoma. Kiingereza kilikuwa kirefu, lakini maana yake ilikuwa fupi: umezuiwa kuingia kwenye tovuti hii kwa sababu za usalama, na kama wewe ni mtumiaji halali, piga namba ifuatayo. Hapo hapo kule pembeni Dhadho akapiga ukelele, kwa sababu na kompyuta yake ilikuwa imegeuka nyekundu.

Lul akaja, akaangalia, akashika kiuno. "Hii ni ile programu ya ulinzi. Mtu akijaribu mara nyingi bila neno la siri, inamwona mwizi. Inafunga akaunti yake, halafu inafunga na saiba nzima, kwa sababu sisi wote tunatoka kwa laini moja. Mzee, wewe umebonyeza nini?"

Mzee akamjibu kwa Kiswahili chake, ambacho alijifunza mnadani na hakuona sababu ya kukiongeza. "Mimi nabisha hodi."

"Hodi gani?"

"Hii si mlango? Huyu mama ya Asmaa nasema hapa mlango. Mimi naingia nyumba ya watu namna gani bila hodi? Mimi nabonyeza moja, nangoja. Nabonyeza mbili, nangoja. Nabonyeza tatu. Hapana mtu nasema karibu. Hodi tatu bila jibu, mtu nakwenda zake, hiyo ndiyo dini. Basi mimi natoka nje, nakunywa chai. Nasema labda watu iko kwa swala. Narudi, nabisha tena tatu. Sasa wao nafanya mlango nyekundu."

Lul alijaribu kuzuia kicheko na hakuweza. Alicheka mpaka akashikilia pazia. Dhadho hakucheka hata kidogo, kwa sababu mpwa wake alikuwa nyuma ya mlango huo huo mwekundu. Abdia naye hakucheka. Alitazama saa ya ukutani, ikamwonyesha saa tisa na dakika kumi.

Akapiga ile namba. Ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya ofisini, ya mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara hamsini tangu asubuhi.

"Dawati la msaada, naitwa Alice."

Abdia akaeleza. Alice akasikika akibofya bofya. "Naam, naiona. Akaunti imefungwa. Majaribio sita bila neno la siri, na sisi tunaruhusu matano. Kwa kawaida hiyo ni roboti, mama."

"Si roboti. Ni mzee."

"Lakini hii ni ya ajabu kidogo. Majaribio matatu, halafu kimya dakika kumi na moja, halafu matatu mengine. Sijawahi kuona roboti inayopumzika."

"Alikwenda kunywa chai," Abdia alisema.

Alice akabofya tena. "Sawa. Nitaifungua, na hiyo laini ya saiba pia, lakini lazima nithibitishe ninaongea na mtu halali. Mwenye akaunti atamke jina lake kamili, majina matatu, na namba ya kitambulisho. Akishindwa yeye, msaidizi aliyeandikishwa anaweza kulitamka jina hilo badala yake. Simu inarekodiwa. Mna nafasi tatu, na baada ya hapo kesi inaenda kwa kamati, Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa sawa na kamwe. Abdia akaiweka simu kwenye spika na kumpa mzee haraka.

Mzee alimsalimia Alice. Alimuuliza hali yake, hali ya watu wake, hali ya mvua huko kwao, na akamshukuru Mungu baada ya kila jibu. Alice, kusema kweli, alijibu kwa uungwana. Mzee akauliza ng'ombe hawajambo.

"Mimi sina ng'ombe, mzee."

Mzee akaiweka simu mbali na mdomo na kumgeukia Abdia kwa huruma. "Hana ng'ombe," alimwambia. "Ndiyo maana anafungia watu milango."

"Mzee, jina lako kamili tafadhali."

"Mimi baba ya Mahadi."

"Hilo ni la mtoto. Lako wewe."

"Uliza Garsen yote. Wao nasema wewe."

"Siwezi kuuliza Garsen yote. Nataka unitajie jina lako."

Hapo mzee akakaa wima. Kwake, mtu anayejitangaza jina lake mwenyewe ni mlevi au mgombea wa kiti. "Jina ni ya watu kuita," alisema kwa upole. "Mimi hapana jiita. Mimi iko hapa, mimi nakwenda wapi nijiite?"

"Jaribio la kwanza, jibu si sahihi," alisema Alice, na kibodi ikalia.

Saa tisa na dakika ishirini na nane. Abdia akaichukua simu. "Mimi ndiye msaidizi," alisema. "Abdia. Mama yake Asmaa."

"Vizuri. Taja jina la mwenye akaunti."

"Ni yule aliyemzaa baba yake Asmaa."

"Jina, mama."

"Linaanza kwa herufi S. Halafu A, halafu B..."

"Usinipe herufi. Watu wanasoma herufi kwenye vitambulisho vya wizi. Utaratibu unasema litamkwe."

"Dada yangu, mimi nimeolewa naye. Hapana, nimeolewa na mwanawe. Kwetu sisi..."

"SABDIO JILO KASSIM!" alinguruma Dhadho kutoka kompyuta ya pili, macho kwenye kopi ya kitambulisho iliyokuwa mezani, kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya mto. "Andika dada, tuende zetu! Mtoto wa ndugu yangu anangoja!"

Feni ilizunguka. Kisha Alice akaongea taratibu, na joto lote lilikuwa limeitoka sauti yake. "Hiyo ni sauti ya mwanamume. Naandika hapa: mtu wa tatu amejaribu kutoa jibu. Hilo ni jaribio la pili. Mama, sijui mko wangapi huko, lakini mmebakisha moja."

Dhadho akaketi na kuufunika mdomo wake kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwema, na nitamsemea: maisha yake yote sauti hiyo ilikuwa imewafaa watu.

Abdia akamwomba Alice dakika tano asikate. Alice akasema atampa, lakini saa kumi kamili mfumo unajifunga wenyewe na hata yeye hawezi kuufanyia lolote. Lul akamvuta Abdia nyuma ya mapazia.

"Abaayo, dada yangu, toka nje. Nenda kule kwa fundi wa pikipiki, sema hilo jina, maliza. Mzee hasikii kule. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Abdia.

"Basi baki na heshima yako, na Asmaa abaki na mbuzi."

Yalikuwa maneno makali, na Lul mwenyewe alijuta mara tu yalipomtoka. Lakini yalifika. Abdia alisimama kati ya pazia la waridi na pazia la samawati akamwona Asmaa alipokuwa na miaka saba, akimdunga mwanasesere wa matambara kwa mwiba wa mti wa mathenge na kumwambia pole, pole, imekwisha. Huyo mtoto alisoma kwa tochi ya simu. Alitembea na maji ya mto hadi magotini mwaka wa mafuriko ili asikose mtihani. Leo kati yake na koti jeupe yalikuwa majina matatu, na majina hayo yalikuwa yamelala kwenye ulimi wa mama yake. Abdia aliona hasira, na hakujua amkasirikie nani. Alice alikuwa anafanya kazi yake. Mzee alikuwa amebisha hodi tu.

Akafikiria tena habari ya kwa fundi wa pikipiki. Akaikataa. Kama ni kosa, alijiambia, litafanywa mbele ya mwenyewe, si nyuma ya duka.

Akatoka kwenye mapazia, akaichukua simu. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na tisa: alimgeukia mzee na kumtazama usoni. Alishangaa kuona macho yake yana duara la bluu kuzunguka weusi. Hakuwahi kuyajua.

"Baba," alisema, "nisamehe."

Mzee hakuwa ameelewa bado.

"Niko tayari," Abdia alimwambia Alice. "Anaitwa Sabdio Jilo Kassim."

Lakini alilisema kwa kunong'ona, na Alice akasema, "Sikusikia. Sauti haikufika kwenye rekodi. Rudia kwa nguvu tafadhali."

Kulisema mara moja kulikuwa kumemla nguvu zote. Akafumba macho. "Sabdio Jilo Kassim."

"Ni Sabdio au Sadio?"

Hapo Abdia akashikwa na kichaa cha watu wapole, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote. "SABDIO!" alipiga kelele, na kule stendi makanga wawili wakageuka. "SABDIO! JILO! KASSIM! Sabdio mwana wa Jilo, Jilo mwana wa Kassim, na kama kamati yenu inataka wa nne nitamtaja pia!"

"Watatu wanatosha," alisema Alice haraka. "Asante. Nipe namba ya kitambulisho."

Abdia akaisoma kwenye kopi. Kibodi ya Alice ikalia kwa muda mrefu. Hakuna aliyemtazama mzee. Lul alikunja pazia lililokwisha kukunjwa. Dhadho, mikono ingali mdomoni, alitazama miguu yake.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Bakora yake ilikuwa imeteleza sakafuni na hakuiokota. Mwishowe akaongea kwa Kiorma, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama yangu alikuwa akiita hivyo," alisema. "Jioni, akitaka ndama wafungwe. Alianza na langu, halafu la baba, halafu la babu, kana kwamba boma limejaa watu wengine wenye jina hilo."

Abdia akaiokota bakora na kumpa.

"Rika langu wamekwisha wote. Wajukuu wananiita babu, watu wa msikitini wananiita mzee, na huko sokoni mimi ni baba ya Mahadi. Nilidhani jina lile limezikwa na mama." Akapangusa pua kwa pembe ya shuka. "Una sauti kubwa, binti yangu. Miaka yote hiyo sikujua."

Abdia akalia, bila aibu, mbele ya watu. Lul alilia pia, lakini Lul hulilia hata matangazo ya vifo vya watu asiowajua.

"Tayari," alisema Alice kwenye spika. "Nimefungua akaunti na laini ya saiba. Na mama?"

"Naam?"

"Mwambie mzee safari ijayo asibishe."

Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na moja. Abdia akaketi, akaandika neno la siri, na mkono wake ulipokwenda kubonyeza, mkono wa mzee ulikuwa umekwisha tangulia, kidole kimenyooka, tayari kwa hodi ya saba. Akamshika kifundo cha mkono. Kumshika mkono baba mkwe ni jambo lingine ambalo halikuwahi kutokea, lakini siku hiyo hesabu ya makosa ilikuwa imekwisha potea. Akabonyeza kwa mkono wa mzee mara moja, mara moja tu, na kuuondoa hapo.

Wekundu ukatoweka. Ukurasa mweupe ukafunguka, wote kwa Kiingereza isipokuwa mstari mmoja juu kabisa.

"Wamesemaje?" mzee aliuliza.

"Wamejibu hodi, baba. Wamesema karibu."

Uso wa mzee ukalainika. "Kumbe wapo. Karibu nani?"

Abdia alitazama kioo. Jina lilikuwa limeandikwa hapo, zima. Angeweza kulielekezea kidole tu. Alimwona mzee akiinama, sikio limesogea mbele, anangoja.

"Karibu, Sabdio Jilo Kassim," Abdia alisoma.

"Naam," alisema mzee. "Basi tuingie."

Wakathibitisha saa tisa na dakika hamsini na tatu. Dhadho alimthibitishia mpwa wake dakika tatu baadaye, akiwa amenyamaza kabisa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kisha akatoka nje na kupiga mbinja ya furaha iliyowaamsha punda.

Asmaa sasa yuko chuoni mwaka wa pili, na amekwisha kudunga watu wa kweli. Nyumbani mambo yako kama zamani. Abdia hamtaji mzee, humpa maziwa uso akiuelekeza pembeni, na muuza simiti bado ni yule wa duka la bluu.

Isipokuwa kila Ijumaa, baada ya swala, mzee huja kwenye kibanda cha maziwa cha Abdia na kugonga meza kwa bakora, mara tatu. "Mama ya Asmaa," husema, "hebu tukaangalie kama wale watu wametufungia tena."

Hakuna kilichofungwa, wala hakuna cha kuangalia, na Abdia anajua, na mzee anajua kwamba anajua. Lul hawatozi. Abdia huandika neno la siri na kubonyeza mara moja, kisha husoma mstari wa juu kwa sauti yake yote, majina matatu, mpaka watu wa stendi wanasikia.

"Naam," huitika mzee, na kuchukua bakora yake, na kwenda nyumbani.